Kilo za Mtu si Mchezo wa Televisheni



Barua ilitufikia ndani ya bahasha safi, imeandikwa kwa kompyuta, na chini yake majina manne ya vijana wetu: wawili wa Masisi, wawili wa Walikale. Wote walisomea kazi ya picha, wengine Kampala, wengine Nairobi, na wote tunawapenda. Waliomba chama kiwape jina lake, na wazee wake wawili watatu, kwa ajili ya kipindi cha televisheni.

Kipindi chenyewe kingekuwa hivi. Familia nne za Goma zenye watu wanene, baba, mama na watoto wakubwa, zingechaguliwa. Zingepandishwa vilima vya Masisi kwa miguu, zingelima, zingekula sombe na lengalenga bila mafuta, wazee wetu wakizieleza namna babu zetu walivyokula. Kila Jumamosi baba, mama na watoto wangepanda juu ya mizani, ile tunayoita balanse, mbele ya kamera. Familia iliyopunguza kilo chache kuliko zingine ingerudishwa nyumbani. Ile ya mwisho kubaki ingepewa pikipiki. Chama nacho kingepewa dola kidogo kwa kazi ya kulinda mila. Mwishoni mwa ukurasa wa pili waliandika kwamba kazi ya vilimani itafanyika «usalama ukiruhusu». Hapo tulicheka, tuseme ukweli.

Tulijibu hapana. Vijana hawakufurahi. Mmoja wao alisimama katika mkutano akasema: «Sasa wazee, muko munaogopa nini? Ni musaada tu. Bantu wanakufa na tansiyo, wanakufa na sukari, ninyi munasema mila!» Maneno hayo yalipigiwa makofi na watu wengi ukumbini, hata na watu wa umri wetu. Kwa hiyo hatuwezi kujibu kwa kutikisa kichwa tu. Tunaandika hapa sababu zetu, na yule kijana asome mpaka mwisho, kwa maana katika jambo moja alikuwa na haki, nasi tutalifikia.

Kwanza tuseme kipindi cha namna hii kimetoka wapi, sababu vijana hawakukibuni wao. Kenya walikuwa na Slim Possible katika miaka ya 2010, kipindi cha Catherine Masitsa, ambamo wanawake wanene walishindana kupunguza uzito. Kabla ya hapo, Waingereza kupitia BBC Three walikuwa mwaka 2005 na kipindi kilichoitwa Honey We're Killing the Kids. Humo wazazi walionyeshwa picha zilizotengenezwa na kompyuta: mtoto wako wa leo, na jinsi atakavyokuwa akifika miaka 40, uso umevimba, macho yamechoka. Mama analia. Kamera inasogea karibu na machozi. Baba mkubwa wa vipindi hivi vyote ni The Biggest Loser ya Marekani, iliyoanza kwenye televisheni ya NBC mwezi wa 10 mwaka 2004. Jina lenyewe ni mchezo wa maneno: maana yake ni aliyepoteza kuliko wote, lakini katika lugha yao ndilo pia tusi la mtu asiye na thamani, mshindwa. Mwaka 2008 wakatengeneza msimu mzima wa familia: mzazi na mtoto wake, mume na mke wake, wawili wawili juu ya mizani. Zawadi ya mshindi: dola 250,000.

Ndani yake hali ilikuwaje? Watu walifungiwa mahali pamoja, wakakimbizwa saa nyingi kila siku, wakapigiwa makelele na walimu wa michezo mpaka wengine wakatapika, na yote hayo yakaonyeshwa wakati wa chakula cha jioni. Mshindi wa kwanza kabisa, Ryan Benson, alieleza baadaye kwamba kuelekea kipimo cha mwisho alijinyima chakula na maji mpaka akawa anakojoa damu. Kilo nyingi zikamrudia. Mwaka 2009 alishinda Danny Cahill: aliingia na kilo kama 195, akatoka baada ya miezi saba akiwa na 87. Watu wakashangilia, karatasi za rangi zikamwagika toka juu. Miaka michache baadaye alikuwa amepita tena kilo 130.

Mtu atasema: alirudia uvivu wake. Hivyo ndivyo kipindi kinavyotufundisha kusema. Lakini mwaka 2016 mtaalamu Kevin Hall na wenzake, wa taasisi za taifa za afya za Marekani, walitoa utafiti juu ya watu 14 waliopita katika msimu ule wa Cahill. Waliwapima tena miaka sita baada ya mashindano. Watu 13 kati ya 14 walikuwa wamerudisha uzito, na 4 walikuwa wazito kuliko siku walipoanza. Na jambo lililowashangaza wataalamu wenyewe ni hili: mwili wa mtu huyo, hata amelala, ulikuwa unachoma kalori kama 500 pungufu kwa siku kuliko mwili wa mtu mwingine wa uzito na umri ule. Mwili ulielewa kwamba njaa imeingia nchini. Ukafunga milango, ukaanza kuweka akiba, na miaka sita baadaye ulikuwa bado unaweka. Wakati huohuo ule ujumbe wa ndani unaoiambia akili «nimeshiba» ulikuwa umepungua. Mtu anakula, na hashibi.

Kalori 500. Wasomaji wetu waliofanya kazi katika vituo vya afya wameshatambua hesabu hii. Ni kimfuko kimoja cha Plumpy'Nut, gramu 92, karanga, maziwa ya unga, sukari na mafuta, kile kile ambacho mama wa Nyabiondo au wa Kibua anapanga mstari tangu saa kumi na mbili za asubuhi ili apewe kwa ajili ya mtoto wake. Huko Marekani televisheni ilichukua watu, ikawaondolea katika miili yao kimfuko kimoja cha kila siku, labda kwa maisha yao yote, na ikaiita kazi hiyo msaada.

Sasa turudi nyumbani, juu ya balanse.

Kwa mtu wa Amerika mizani iko katika chumba cha kuogea. Anapanda asubuhi, peke yake, analalamika, anashuka. Kwetu Masisi na Walikale wengi wetu tuliijua mizani tukiwa hatujajua kusema: ile inayoning'inizwa kwenye boriti ya kituo cha afya, na mtoto anavalishwa kikaptula cha kitambaa, anatundikwa kama mzigo wa viazi sokoni Mushaki, analia. Mama anasimama chini akitazama mshale. Halafu kuna ule mkanda wa mkononi wa rangi tatu. Mkono wa mtoto ukiwa chini ya milimita 115, rangi nyekundu. Ukiwa kati ya 115 na 125, manjano. Juu ya hapo, kijani, na mama anaweza kwenda. Tumewaona akina mama wakiomba rangi nyekundu. Tuandike tena, ili isionekane ni kosa la uchapaji: tumewaona akina mama wakiomba Mungu mkono wa mtoto wao uwe mwembamba zaidi kwa milimita mbili, sababu kijani haina kimfuko. Hiyo ndiyo historia yetu na mizani. Mapema mwaka 2025 hesabu za wakala wa chakula zilisema watu karibu milioni 28 katika Kongo yote wana njaa kali, na Kivu ya Kaskazini ilikuwa katikati ya hesabu hiyo. Mwezi wa kwanza wa mwaka huo vita vilichukua Masisi-centre, halafu Sake, halafu Goma tarehe 27. Mwezi wa tatu vikafika Walikale-centre. Mwezi wa pili kambi za Bulengo, Lushagala na zingine zilikuwa zimeshavunjwa, na watu wakarudi kwenye mashamba ambayo hawakuyapanda. Katika mwaka wa namna hiyo, watoto wetu wanataka kuonyesha familia zinazoshindana kupungua, na mashindano yenyewe yafanyike katika vilima vya Masisi, mbele ya macho ya wenye vilima.

Kuna mtu atasema tunachanganya mambo: mnene wa Goma hana kosa kwa njaa ya Nyabiondo. Ni kweli, hana kosa. Wala hatumtetei mwenye njaa dhidi yake. Tunasema kwamba wote wawili wanatazamwa na jicho moja.

Hapa inatubidi tuungame jambo. Kati yetu tunaoandika kurasa hizi wamo waliofanya kazi ya kutafsiri kwa wageni wenye kamera: Kitchanga, Mweso, Pinga, na baadaye Mugunga. Kazi ililipa vizuri kuliko ualimu, hilo mnalijua. Siku moja mwaka 2012, katika kambi, mgeni alimkuta mama mwenye mtoto aliyekondeana sana. Alimwomba amgeuze mtoto kuelekea mwanga. Halafu amfunue shati. Halafu amwinue kidogo, hivyo, hivyo, asante. Mama alifanya yote. Halafu akauliza kwa Kihunde: «Akipigwa picha hii atapona?» Sisi tulitafsiri kwamba mama anashukuru. Mgeni akatikisa kichwa kwa upole, akasonga kwa mwingine. Hatujui yule mtoto alifika wapi. Picha labda ilifika mbali.

Kwa hiyo tunapoona katika televisheni mama mnene wa Amerika akiambiwa avue shati la juu, apande mizani akiwa na kaptula tu, kamera ipite polepole tumboni, na mtu mwenye sauti tamu amwulize «unajisikiaje?», sisi tunaitambua kazi hiyo. Tumeshaifanya. Bei yake ni ileile: uonyeshe mwili wako, ndipo usaidiwe. Asiyekubali kufunuliwa hasaidiwi. Tofauti ni kwamba yule wa kambini anatazamwa ili watu walie, na huyu ili watu wacheke kwanza, walie baadaye, halafu wanunue kitu wakati wa matangazo.

Vijana wanasema familia zitakubali kwa hiari, zitatia sahihi. Baba atatia sahihi. Na binti wa miaka 15 je? Atamkatalia baba yake, mbele ya pikipiki? Kila mtu wa Goma anajua bei ya pikipiki. Tangu mabanki ya mji yafungwe Januari 2025, hiari ya mtu ambaye hana feza ni kitu chembamba sana. Na binti huyo Jumatatu atarudi shuleni, ambako darasa zima litakuwa linajua kilo zake.

Tufike kwenye mila, sababu ndiyo jina waliloliomba kwetu.

Wazee wa Kinyanga wanajua hadithi ya Mwindo. Mwaka 1956 msimuliaji Shekarisi Rureke aliisimulia kwa siku nyingi mbele ya Daniel Biebuyck, na mwaka 1969 ilitoka katika kitabu alichokitengeneza Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mtoto wa Wanyanga. Wengi wanakumbuka vita vya Mwindo na baba yake Shemwindo, mwami wa Tubondo. Wanakumbuka jina lake, Kabutwakenda, kadogo kaliyezaliwa kakatembea. Shujaa wetu ni mtu mdogo wa mwili, na udogo wake ndio wanaouchezea adui zake kabla hawajajuta. Lakini watu wachache wanakumbuka mwisho. Mwindo aliua joka Kirimu, rafiki wa Nkuba, yaani radi. Nkuba akampandisha juu mbinguni, na huko akateswa kwa baridi, jua na kiu. Aliporudi duniani aliwapa watu wake amri. Wapande vyakula vingi vya aina nyingi. Wasigombane. Wasitamani wake wa wengine. Na ndani ya amri hizo chache iko moja ya kutomdhihaki mtu mwenye mwili dhaifu anapopita kijijini.

Tunaomba wasomaji watazame mahali amri hiyo ilipowekwa. Haikuwekwa pembeni kama adabu ya watoto. Iko pamoja na kulima na kutogombana. Mtu aliyeonja mateso huko juu ndiye aliyeitoa. Na inasema «anapopita kijijini», maana wazee walijua dhihaka inatokea wapi: barazani, mahali watu wamekaa pamoja na mmoja analazimika kupita mbele yao. Leo baraza lina waya na antena, na anayelazimishwa kupita anavaa kaptula.

Lakini tusijisifu. Kama tungeandika kwamba mila yetu inaheshimu kila mwili, mngetucheka, na kwa haki. Sisi ndio tunaomkuta mama sokoni na kumsalimia kwa sauti kubwa: «Eh mama! Unakonda hivi, bwana yako hakupe chakula?» Sisi ndio, mtu akipoteza kilo tano, tunaonong'ona kwamba amepata ule ugonjwa. Mwalimu akinenepa tunasema amekula feza za shule. Asiponenepa tunasema mke wake ni mvivu. Mwanamke akitoka uzazini lazima atoke amejaa, mashavu yanang'aa, la sivyo familia ya mume imeaibika; hapo zinaingia supu, maziwa, bugali asubuhi na mangaribi, na hakuna anayemwuliza mwenyewe kama ana njaa. Tunamwita tajiri mtu mnene, na tunampa kiti cha mbele katika arusi, kiti kile chenye mikono ambacho hakimtoshi, kisha watoto wanacheka.

Na iko mbaya kuliko hiyo. Katika maduka ya dawa ya Goma, na hata kwenye meza za barabarani katika santa za Masisi, akina dada wananunua vidonge vya kunenepa. Ni siproheptadini, dawa ya mizio inayoleta hamu ya kula na usingizi. Ni deksametazoni, ambayo watu wanaiita tu dexa, dawa kali ya kuzuia uvimbe. Dexa inafanya mwili ushike maji, uso unakuwa wa mviringo, watu wanasema «aah, sasa umekuwa muzuri». Inapandisha sukari ya damu. Inapandisha tansiyo. Na aliyeimeza miezi mingi akiiacha ghafla anaweza kuanguka, sababu mwili umesahau kujitengenezea dawa yake. Binti anameza ili aitwe mzuri, na baada ya miaka mitano kipindi cha vijana wetu kitamwita mnene na kumwambia akimbie kilimani.

Basi hapa ndipo yule kijana alipokuwa na haki. Watu wanakufa na tansiyo. Watu wanakufa na sukari. Tumezika wenzetu wa chama hiki, watu wa miaka 50, ambao hawakuwahi kupimwa damu mara moja. Mila ya kumwambia mnene kwamba amebarikiwa imeficha ugonjwa wake, na sisi wazee tuliificha pamoja naye. Hatukatai.

Tunakataa jibu lake. Kipindi kinasema: shida ni wewe, umekula sana, umekaa sana, hauna nguvu ya roho. Tazameni sasa mama mmoja kati ya wengi tunaowajua. Alizaliwa katika Bashali. Akiwa kijana aliamka gizani, akatembea mwendo wa saa moja na nusu mpaka shambani, akalima, akarudi na kilo 40 za viazi mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Mume wake alisukuma chukudu mpaka Sake na makala juu yake. Hakuna aliyewafundisha michezo. Halafu vita, vile vilivyoanzia sokoni Ntoto mwezi wa tatu 1993, vikapanda Masisi na havijamaliza kushuka mpaka leo, vikamtoa mara nne. Shamba la kwanza liliingia ndani ya malisho ya ng'ombe ya mtu mkubwa, kama mashamba mengi yalivyoingia tangu wakati wa Zaïre. Sasa anakaa Goma, kwenye meza ndogo, tangu asubuhi mpaka mangaribi, anauza kredi za simu na mandazi. Anakula mandazi yanayobaki, anakunywa chai yenye sukari nyingi sababu sukari inanyamazisha njaa, na usiku fufu. Hathubutu kutembea baada ya jua kuzama. Ameongeza kilo 30 katika miaka kumi. Nani amezileta kilo hizi? Hakuna hata moja iliyotoka kwa uvivu. Ukimweka juu ya mizani mbele ya kamera, unapima vita, unapima ardhi iliyochukuliwa, halafu unamwambia: ona, mama, ulivyojiachia.

Na kwa upande wa Walikale vilevile. Wapagazi waliobeba mawe ya Bisie tangu 2002, magunia ya kilo 50 mgongoni, siku mbili katika msitu mpaka Njingala, mawe yakapakiwa katika ndege zilizotua juu ya barabara pale Kilambo. Kama kukimbia na kubeba ndiyo afya, basi hakuna watu wenye afya duniani kuliko hao. Wengi wao leo wana migongo iliyovunjika na magoti ya wazee. Tangu 2019 bati la Bisie linachimbwa na mashini za kampuni, na wao wamekaa Mubi au Walikale-centre wakingoja kazi. Baadhi yao wamenenepa. Watu wanawatania kwamba amani imewafaa.

Marekani kwenyewe hakuna tofauti kubwa ya asili. Kwa hesabu za mwaka 2022 watu zaidi ya bilioni 1 duniani wana unene wa kiwango cha ugonjwa. Watu bilioni hawakupatwa na uvivu kwa pamoja katika miaka arobaini. Vyakula vimebadilika, kazi zimebadilika, barabara zimejengwa kwa magari. Lakini kiwanda cha vinywaji hakiwezi kupandishwa juu ya mizani na kulizwa mbele ya watu. Mtu anaweza. NBC waliacha kuonyesha kipindi chao 2016, televisheni nyingine ikakirudisha 2020 kwa msimu mmoja, na mwaka 2025 Netflix ikatoa mfululizo wa filamu ambamo wale walioshiriki wanaeleza yaliyowapata. Wenyewe waliokianzisha wameshaanza kukihesabia makosa. Sisi ndipo tunataka kukianza. Ni kama zile nguo za mitumba: zinatufikia wenyewe wakiwa wamechoka nazo.

Katika mkutano tuliulizwa pia: kama hamtaki, ninyi mutafanya nini? Swali zuri. Hatuna mengi. Tulimwomba muuguzi mmoja, mtoto wa chama, aje na mashini ya tansiyo na kile kidude cha kupima sukari, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, katika ofisi yetu. Chumba kimegawanywa kwa pazia. Mtu anaingia peke yake, anapimwa, anaambiwa hesabu zake kwa sauti ya chini, katika lugha yake, Kihunde, Kinyanga, Kitembo, Kinyarwanda, anayoitaka. Hatutangazi majina. Mara ya kwanza walikuja watu 9, na 6 kati yao walikuwa wembamba. Mmoja wa wale wembamba ndiye aliyekuwa na tansiyo ya kutisha kuliko wote, jambo ambalo balanse isingeliona kamwe.

Akina mama walioingia nyuma ya pazia waliuliza zaidi juu ya dexa. Tumepanga muuguzi aizungumzie redioni, kwa jina la dawa, bila jina la mtu.

Kwa vijana wetu: dola mlizotanguliza tumezirudisha kwa yule aliyezileta, na karatasi ya kupokea iko kwa mweka hazina. Mizani mliyotuachia, ile ya kisasa yenye namba nyekundu, bado iko hapa. Muuguzi ameiomba, kwa sharti aiweke nyuma ya pazia, na anayetaka kupanda apande, asiyetaka apite. Kama hamkubali, njooni muichukue. Na kama kamera zenu hazina kazi, yule mzee wa Walikale aliyetusimulia hadithi ya Mwindo kwa usiku mitatu bado yuko hai, yuko Goma, katika nyumba ya mkwe wake, na amesema yuko tayari kusimulia tena akiletewa kasiksi. Sauti yake imeanza kupungua.